Sura ya Baba kwenye mkono wa mvuvi

Wiki ya pili baada ya mazishi ya Bondo, mpwa wangu alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp. Moja ilikuwa ya Raila Odinga, tuliyemwita Baba, akiwa na kofia yake, uso umeinama kidogo. Nyingine ilikuwa mkono wa Mzungu fulani wenye sura ya mzee, imechorwa kwa ustadi hadi makunyanzi ya macho yanahesabika. Chini yake akaandika: "Mjomba, nataka kama hii, lakini awe Baba. Jamaa wa Kondele anasema elfu tatu. Wa mjini anataka elfu kumi na nane. Si wino ni ule ule?"

Ana miaka 23. Huvua omena usiku kutoka ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, na mchana hulala. Si mtu wa kutapanya pesa, ndiyo maana aliuliza. Nilimwambia nitampigia jioni, lakini swali lake lilinichukua wiki tatu za kutembea, kuuliza na kupiga hesabu. Nilichokuta ni kwamba zile bei mbili alizotajiwa ni sehemu tu ya gharama yenyewe.

Sikutaka kuanza kwa kumkaripia. Raila alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 80. Tarehe 18 mwili wake uliletwa uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu, na kesho yake akazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Mpwa wangu alifika Mamboleo kabla ya alfajiri na akarudi nyumbani akiwa na kiatu kimoja. Hakulikaribia jeneza. Kwetu, mtu uliyempenda akizikwa nawe hujamuaga, unabaki na kitu kifuani kisichojua pa kwenda. Kijana anayetaka kukiweka mkononi, mahali atakapokiona kila anapovuta wavu, namwelewa kabisa. Wapo wanaoandika jina la mama aliyetangulia, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto, au K'Ogalo, timu yao ya mpira, kwa rangi ya kijani. Hayo si mambo ya kipuuzi, na anayeyaita uhuni hajamsikiliza hata mmoja wao.

Wala kujitia alama ya kudumu si jambo lililoletwa na simu. Babu yangu alikuwa na pengo la meno sita ya chini. Aling'olewa akiwa kijana, kama walivyong'olewa vijana Waluo wa enzi yake, wa kiume na wa kike. Bila nak, yaani kung'olewa huko, hukuhesabiwa mtu mzima. Wazee walisema pia kwamba pengo lilisaidia kumpitishia uji mtu aliyekazwa taya na pepopunda. Kisha zikaja shule za misheni, ikaja kazi ya mjini, na wenzake kadhaa wakatafuta meno ya bandia. Mmoja wao, rafiki yake wa chanda na pete, alizoea kufunika mdomo kwa kiganja kila alipocheka. Babu hakufunika chochote hadi alipofariki. Alama ilikuwa moja, imewekwa kwa nia ile ile, na miaka arobaini baadaye mmoja anaionyesha na mwingine anaificha. Siku ya kung'olewa hakuna aliyeweza kukuambia utakuwa yupi kati yao.

Sasa turudi kwenye elfu tatu na elfu kumi na nane.

Wachoraji wa tatuu hupiga bei kwa inchi au kwa saa. Mchoro mdogo huwa na bei ya chini isiyoshuka zaidi, kwa sababu hata ukichorwa nukta moja, sindano mpya, glavu na kikombe cha wino vimeshatumika. Sura ya mtu ni jambo jingine. Haipimwi kwa inchi, kwa kuwa kazi yake iko kwenye vivuli: pua inatokezaje, shavu linaishia wapi, jicho linamtazama nani. Sura ya ukubwa wa kiganja ni kazi ya saa nne au tano, wakati mwingine zaidi. Gawanya elfu kumi na nane kwa saa tano, unapata Sh3,600 kwa saa, na humo mna kodi ya chumba, stima, sindano, wino na riziki ya mchoraji. Gawanya elfu tatu kwa saa zile zile, unapata Sh600. Basi nilipompigia mpwa wangu sikumwambia kwamba wa mjini ni ghali. Nilimuuliza: hizo Sh3,000 ambazo wa Kondele hakuhesabu katika kila saa, amezitoa wapi?

Nilikwenda kuwaona wote wawili. Wa bei nafuu anafanyia kazi nyuma ya kinyozi. Ni kijana mpole, mkono wake mwepesi, na kwenye karatasi anachora vizuri kuliko wengi. Mashine yake aliiagiza mtandaoni. Sindano zake zilikuwa zimesimama kwenye gilasi yenye spiriti, na nilipomuuliza kama huzitumia mara moja tu alijibu kwa uaminifu kwamba zile nzuri huzichemsha. Wino ulikuwa kwenye chupa moja kubwa ambayo sindano ya kila mteja huchovywa ndani yake. Wa mjini alifungua paketi ya sindano mbele yangu, akanionyesha tarehe ya kwisha muda wake. Alikuwa amefunika mashine kwa plastiki ya kutupwa, alimimina wino kwenye kikombe kidogo kinachotupwa pia, na pembeni palikuwa na boksi gumu la njano la kutupia sindano, kama lile la hospitalini. Kabla hajazungumza habari ya pesa aliomba kuona kitambulisho, akauliza kama nimekunywa pombe siku hiyo, kisha akauliza kama katika ukoo wetu kuna mtu mwenye makovu yanayofura. Wote wawili wamebandika leseni ya kaunti ukutani. Leseni ile inakuambia mtu amelipia biashara yake. Habari ya sindano haiisemi.

Hapa ndipo pesa nyingi ziko, na ndipo ningemwomba msomaji akae nami kidogo. Mashine ya tatuu hudunga ngozi mara nyingi kwa kila sekunde na kupeleka wino hadi tabaka la pili, kama milimita moja au mbili chini. Kila tundu ni mlango wa damu. Sisi wa kando ya ziwa tunajua takwimu zetu: utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya ukimwi kwa asilimia 4.9 ya watu wazima nchini, lakini Kisumu ilikuwa asilimia 17.5 na Homa Bay 19.6. Hata hivyo, vinavyonitisha zaidi kwenye gilasi ya spiriti ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi vya ukimwi hudhoofika haraka vikitoka mwilini. Hivi vya ini huweza kuishi kwenye tone lililokauka, lisiloonekana kwa macho, kwa siku saba au zaidi. Sufuria ya maji yanayochemka si kifaa cha kusafishia sindano ya kuchora. Hospitali hutumia mtungi wa mvuke wenye shinikizo, unaofikia nyuzi 121, tena kwa muda uliopimwa. Na ugonjwa wenyewe hauna haraka. Unaweza kukaa miaka ishirini kimya kabla ini halijaanza kusinyaa au kuota saratani, na wakati huo hakuna atakayekumbuka chumba cha nyuma ya kinyozi.

Chanjo ipo. Kenya iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwishoni mwa mwaka 2001, kwa hiyo waliozaliwa baada ya hapo huenda walichanjwa wakiwa wachanga bila wao kujua. Mpwa wangu alizaliwa 2002, lakini kadi yake ya kliniki iliteketea na nyumba. Mtu mzima asiye na uhakika hupimwa kwanza, kisha huchomwa dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Ikumbuke hiyo miezi sita, nitairudia.

Swali lake la pili kwangu lilihusu picha ya yule Mzungu: itatoka vile? Haitatoka vile, na mchoraji anayesema itatoka anataka pesa zako tu. Wino hukaa chini ya tabaka la ngozi lenye rangi yetu. Unautazama mchoro kupitia weusi wako mwenyewe, kama mtu anayetazama kitu kupitia kioo cha rangi. Kwenye ngozi nyeupe, kijivu hafifu cha shavu huonekana. Kwenye ngozi ya mtoto wa Dunga anayechomwa na jua tangu utotoni, kijivu hicho humezwa, na njano na nyeupe hupotea karibu zote. Kinachobaki imara ni mstari mweusi mnene na nafasi iliyoachwa wazi kati ya mistari. Mchoraji aliyezoea ngozi zetu huikuza sura, hupunguza vitu vidogo vidogo, na huacha ngozi yenyewe ifanye kazi ya mwanga. Mwambie akuonyeshe picha za kazi alizozifanya kwa watu weusi kama wewe, tena zenye mwaka mmoja au miwili. Ya siku ya kwanza, ingali inang'aa mafuta, haikufundishi kitu.

Maana tatuu haitulii. Chembe za wino humezwa na seli za ulinzi zilizomo kwenye ngozi, ambazo haziwezi kuzisaga wala kuzitoa. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zinapokufa, wino huachwa huru kwa muda na kumezwa na seli mpya zinazozirithi. Ndivyo mchoro unavyodumu, kwa kurithishana. Lakini sehemu ya wino husogea. Nyingine hufika hadi kwenye tezi za limfu za kwapani. Mistari hunenepa. Jicho la milimita nne lenye mboni ndani yake, baada ya miaka kumi, linaweza kuwa doa. Kwenye mchoro wa nanga au samaki hilo halidhuru sana. Kwenye sura ya mtu ambaye Kisumu nzima inamjua, utaulizwa huyu ni nani.

Wino wenyewe nao una maswali yake. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, uliwekea masharti makali maelfu ya kemikali zilizomo kwenye wino wa tatuu, na mwaka mmoja baadaye ukagusa hata baadhi ya rangi za buluu na kijani zilizokuwa zikitumika sana. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, nambari ya toleo wala tarehe haina masharti ya mtu yeyote. Iache.

Halafu kuna kovu. Ngozi zetu hupenda kufura baada ya jeraha, zaidi kwa vijana, zaidi kifuani, mabegani na masikioni. Kipimo cha bure unacho mwilini: tazama alama ya chanjo ya BCG kwenye mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko, uliyochomwa ukiwa mchanga. Ikiwa imelala tambarare, ni habari njema kiasi. Ikiwa imeinuka, inang'aa na imepanuka kupita jeraha lenyewe, achana na tatuu kabisa, iwe ya elfu tatu au ya elfu hamsini. Angalia na masikio ya dada zako waliotoboa. Mpwa wangu ya kwake imelala. Mama yake, dada yangu, ana uvimbe nyuma ya sikio tangu alipotobolewa, nasi sote tulikuwa tumeshauzoea hata tukausahau.

Gharama ambayo hakuna mchoraji aliyenitajia ni ya siku za kupona. Tatuu mpya ni jeraha wazi. Kwa wiki mbili, na kwa wengine hadi nne, haifai kuzamishwa majini, kusuguliwa na kamba, wala kuchomwa na jua. Mtu wa ofisini atavaa shati la mikono mirefu na maisha yataendelea. Mvuvi atafanya nini? Mkono wake uko ndani ya maji ya ghuba usiku kucha, maji yanayopokea taka za mji na yenye magugu yanayooza ufukweni. Mpwa wangu, akishatoa mafuta ya injini na fungu la mwenye mtumbwi, hubaki na kama Sh700 kwa usiku wa kawaida. Siku kumi na nne bila ziwa ni Sh9,800. Iongeze kwenye bei zote mbili: elfu tatu inakuwa Sh12,800, elfu kumi na nane inakuwa Sh27,800. Mwanzoni ghali ilikuwa mara sita ya nafuu. Sasa ni mara mbili na kidogo. Na ikiwa ile ya nafuu itatunga usaha, siku kumi na nne zitakuwa thelathini, na sehemu kubwa ya pengo itakuwa imezibika kabla hujanunua dawa.

Nikamweleza pia habari ya kazi. Ana ndoto ya jeshi, amejaribu mara moja na atajaribu tena. Kwenye uwanja wa kuandikisha makurutu vijana huvua mashati na kukaguliwa kuanzia unyayo hadi meno, na tatuu ni mojawapo ya vitu vinavyowarudisha watu nyumbani. Siulizi kama ni haki. Nasema afisa ana saa chache na foleni ya mamia, na anatafuta sababu ya kupunguza. Wanaolenga Ghuba wajue kwamba shirika kama Emirates halitaki wahudumu wa ndege wenye tatuu inayoonekana wakiwa wamevaa sare. Mahali pa mchoro, basi, ni uamuzi wa pesa kuliko ukubwa wake. Mkono wa mbele na shingo ndivyo vinavyogharimu zaidi. Mgongo na paja hugharimu kidogo, ingawa kwa makurutu hata hivyo huonekana. Kanisani nako kuna bei. Mama yake ni Msabato wa kutoka Kendu Bay, na sikuweza kumwekea hilo tarakimu.

Damu ndiyo iliyomnyamazisha. Mdogo wake wa kike ana selimundu, kama watoto wengi wa kanda hii, na mara mbili ameongezewa damu. Mara zote mbili mpwa wangu alikuwa miongoni mwa waliojitolea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 unataka aliyechorwa tatuu akae miezi 12 bila kutoa damu. Mwaka mzima ambao, mtoto akizidiwa, kaka yake atasimama kando. Alikaa kimya kwenye simu kwa muda, kisha akasema, "Hiyo sikuijua, Mjomba."

Siku mbili baadaye akaja na njia nyingine: piko. Rafiki yake alichorwa chui begani kwa bei ya sahani ya samaki, mweusi tii, akaambiwa mchoro utatoka wenyewe baada ya wiki mbili. Haitaki sindano, haigusi damu, na mama yake hatajua. Ningependa kusema hiyo ndiyo njia salama. Hina ya kweli, ile ya majani inayochanganywa na akina mama wa Kiislamu hapa mjini na pwani tangu zamani, kweli ni salama kwa wengi. Hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, hukaa saa kadhaa ili ishike, na hupendeza zaidi viganjani na nyayoni. Kwenye mkono mweusi haionekani sana. Piko ni rangi ya nywele. Weusi wake hutoka kwenye kemikali iitwayo PPD, inayoruhusiwa Ulaya na Marekani kwenye nywele lakini si kupakwa ngozini. Kwa baadhi ya watu huchoma, malengelenge yanafuata umbo la mchoro, na chui aliyekusudiwa kukaa wiki mbili anabaki kama kovu. Mbaya kuliko kovu, mwili ukishaikataa PPD huikataa maisha yote, na siku utakapotaka kupaka nywele rangi uso mzima unaweza kuvimba. Dalili za kuitambua ni rahisi: hina inayoshika nyeusi ndani ya nusu saa si hina. Ukitaka kuona kama mchoro unakupendeza, tafuta wa kubandika kwa maji, au mwombe mchoraji akuchoree kwa kalamu ya ngozi, utembee nao wiki moja.

Na akijuta? Hapo ndipo hesabu inapomshinda mvuvi. Kuondoa tatuu kwa leza ni kuzipasua chembe za wino ziwe ndogo kiasi cha mwili kuzibeba taratibu. Mara moja haitoshi. Wengi huhitaji mara sita hadi kumi, na kati ya kikao na kikao husubiriwa wiki sita hadi nane, kwa hiyo huweza kuwa kazi ya mwaka na zaidi. Kwa ngozi nyeusi leza inayofaa ni ile ya mawimbi ya nanomita 1,064, kwa sababu nyingine huichoma rangi ya ngozi yenyewe na kuacha mabaka. Nyeusi hutoka kwa urahisi kuliko zote. Kijani, rangi ya K'Ogalo, ni miongoni mwa zilizo sugu. Tuseme kikao kimoja ni Sh8,000, na ulazimike kwenda Nairobi kwa nauli ya Sh3,000 kwenda na kurudi. Vikao vinane vinakuwa Sh88,000, na hujala wala hujalala. Fedha hizo zinakununulia ngozi iliyokaribia kuwa kama ulivyozaliwa nayo. Kufunika mchoro kwa mchoro mwingine ni nafuu, ila wa juu lazima uwe mkubwa zaidi na mweusi zaidi, kwa hiyo aliyejuta jina la inchi mbili hutoka na ua la inchi tano. Krimu, chumvi ya kusugulia na asidi za vichochoroni sitazijadili. Huondoa ngozi na kuacha wino.

Majina ya wapenzi ndiyo yanayoongoza kwenye safari hii ya kurudi. Mwigizaji Johnny Depp aliandika "Winona Forever" begani akiwa na Winona Ryder, na walipoachana akafuta herufi mbili ikasomeka "Wino Forever". Yeye alikuwa na uwezo wa kulipia kufuta, na bado alibaki na alama.

Nimempa mpwa wangu maoni yangu bila kuyazungusha. Elfu tatu ya nyuma ya kinyozi asiiguse, hata ingeshuka ikawa bure. Kama fedha yake inatosha sindano safi kwa mchoro mdogo tu, achore mdogo. Kama haitoshi hata huo, asubiri. Na sura aiache. Nilimchorea pendekezo langu nyuma ya risiti: kofia peke yake, mstari mweusi mnene, inchi mbili, upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, mahali ambapo shati la mikono mifupi linafunika. Ni kazi isiyofika saa moja. Kwa mchoraji wa mjini bei iliyotajwa ni Sh4,000. Baada ya miaka ishirini mstari ule ukinenepa utaendelea kuwa kofia, na hapa Kisumu hakuna atakayeuliza ni ya nani. Kama ni lazima uso uonekane, kuna mbavu za mtumbwi wao. Mafundi wa ufuoni huandika juu yake majina, aya na nyuso kwa rangi ya mafuta, na rangi ikichakaa hupakwa upya wakati wa kuziba nyufa.

Kisha tukakaa na kalenda. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, samaki wazaane. Miezi hiyo mpwa wangu hubeba mchanga na kutafuta vibarua vya nchi kavu. Mkono wake uko mbali na maji bila kupoteza Sh9,800. Dozi ya kwanza ya chanjo ikichomwa Novemba, ya tatu inaangukia Mei. Jeshi likiandikisha kabla ya hapo atakuwa amekwenda akiwa na ngozi tupu. Na ndani ya miezi hiyo sita anaweza kutoa damu kwa ajili ya mdogo wake mara moja zaidi kabla ya mwaka wake wa kusubiri kuanza.

Alipimwa Alhamisi, hana virusi, akachomwa dozi ya kwanza siku hiyo hiyo. Kipimo na sindano havikufika Sh2,000. Nusu nililipa mimi. Tulipotoka kliniki alinionyesha simu yake. Kofia niliyoichora ameipiga picha na kuihifadhi. Ile ya sura bado haijafutwa, na ya pili yake, aliyoiomba kwa mchoraji wa mjini, imeshachorwa kwenye karatasi kwa ukubwa wa kiganja, jicho moja likiwa dogo kuliko jingine.

"Hili jicho si la Baba," akasema, akaikuza kwa vidole viwili ili nami nione.